Kabla ya kuamini picha ya protini

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu akili bandia na dawa za malaria ilisema mashine sasa "inaipiga protini picha". Tunaomba nafasi kidogo, maana wanafunzi wa hapa Lubumbashi wanauliza kama kazi hiyo ya kupata umbo la protini inawezekana bila kuwa na hadubini ya elektroni. Sehemu kubwa inawezekana.

Hadubini yenyewe inatoa picha zilizojaa chengachenga. Protini hugandishwa ghafla ndani ya utando mwembamba wa maji, kwa ethani iliyopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, ili barafu isifanye fuwele. Elektroni zinaiunguza protini, kwa hiyo hurushwa chache tu, na kila chembe, yaani kila nakala moja ya protini, huonekana kwa taabu. Programu ndizo huzisaka chembe hizo, hukadiria kila moja imelalia upande gani, kisha huzijumlisha ziwe ramani, yaani umbo la protini la pande tatu.

Anayetaka kujaribu apakue EMPIAR-10028 kutoka EMPIAR, hifadhi ya picha za hadubini iliyo wazi kwa wote: ni ribosomu (kiwanda cha protini ndani ya seli) ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ikiwa imenaswa na dawa ya emetini. Ni chembe 105,247 za pikseli 360 kwa 360, giga 51 hivi. Zipunguzwe hadi pikseli 128, zitabaki kama giga 6 na nusu. Hasara yake: pikseli moja inapanda kutoka angstromu 1.34 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) hadi 3.77, hivyo ramani haiwezi kuonyesha undani bora kuliko angstromu 7.5, yaani pikseli mbili; namba ikiwa ndogo, ramani ni bora zaidi. Kwa kufanya mazoezi na cryoDRGN, programu ya akili bandia inayotenganisha maumbo mbalimbali ya ribosomu ileile, hiyo inatosha. ModelAngelo, programu nyingine inayopanga atomi ndani ya ramani, itashindwa. Yenyewe inataka angstromu 4 au bora zaidi. Umeme ukikatika msihofu, cryoDRGN inaweza kuendelea kutoka mzunguko uliohifadhiwa.

Hatari iko kwingine. Chukua picha 1,000 za chengachenga tupu, zipangwe kwa kufuata picha ya Einstein, zijumlishwe: Einstein atatokea! Richard Henderson, mtaalamu wa hadubini ya elektroni, alilionya hilo mwaka 2013. Programu iliyofunzwa kusaka chembe nayo huziona hata kwenye mabonge ya barafu na kingo za utando wa kaboni unaoshikilia sampuli. Ndiyo maana data hugawanywa nusu mbili tangu mwanzo, zikajengwa ramani mbili zisizojuana, na ubora husomwa pale ulinganifu wao unaposhuka hadi 0.143. Barakoa ya ramani, yaani mpaka unaochorwa kuizunguka protini ili kuacha chengachenga nje, ikibana mno, namba ya ubora inadanganya. Chembe zikilalia upande mmoja, ramani inavutika huku namba ikibaki nzuri.

Basi mkichapa tena picha ya namna hii, andikeni angstromu zake, na mseme kama imetoka kwenye hadubini au imebashiriwa na AlphaFold, programu ya akili bandia ambayo husoma mfuatano wa asidi amino bila kuangalia picha yoyote ya hadubini.

Walimu wawili wa biokemia,
Lubumbashi