Barua ya wazi kwa mlioacha kazi ili muandike

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliovuka arobaini, mkaacha benki, chaki, bandari au duka la dawa, mkasema sasa ni zamu ya kalamu. Nimehariri vitabu katika jiji hili tangu enzi za miswada ya taipu, na sijawahi kumbeza mtu mzima anayeanza kuandika. Mtu wa umri wenu ameshazika, ameshalea, ameshadhulumiwa na pengine naye ameshadhulumu. Ana mengi ya kusema. Hasira iliyomo humu basi msiichukue kama dharau. Nimekasirika kwa sababu nawaona mnaangukia mahali ambapo palikuwa hapana haja ya kuanguka.

Nianze na uzinduzi, maana ndio unaonikosesha usingizi.

Kadi za uzinduzi wa vitabu hazikauki mlangoni kwangu. Ukumbi Sinza au Mikocheni, viti vimevalishwa vitambaa, MC yupo, keki imekatwa umbo la kitabu, wanakamati wamevaa fulana zenye picha ya jalada. Mgeni rasmi anakinyanyua kitabu ambacho hajakifungua, anakisifu, anaahidi kununua nakala hamsini. Nyuma yake mwingine anaahidi ishirini, mwingine kumi. Picha zinapigwa, pilau linaliwa. Wiki inayofuata mwandishi anaanza kuwatafuta walioahidi, na simu hazipokelewi.

Juzijuzi mke wa mmoja wenu alikuja kwangu. Alinipa shikamoo, akakaa, akakataa chai, akaniambia, "Mama, nisaidie hata shule mbili wavichukue." Mumewe alikuwa mhasibu. Aliacha kazi, akatoa akiba yao, akachapisha nakala elfu mbili kwa mkupuo mmoja. Maboksi yamepangwa sebuleni mpaka usawa wa dirisha, na watoto wameyageuza meza ya kufanyia homuweki. Aliniachia nakala moja. Nilianza kuisoma usiku uleule.

Shujaa anaitwa Mashaka mpaka katikati ya kitabu, kisha anakuwa Mashauri na hakuna anayeeleza kwa nini. Shangazi aliyezikwa Kisarawe katika sura ya nne anapika maandazi katika sura ya tisa. Aya nzima imechapwa mara mbili. Herufi l na r zimebadilishana tangu mwanzo hadi mwisho. Na katikati ya vurugu hiyo kuna sura moja juu ya baba wa shujaa huyo, mfanyakazi wa reli pale Tabora, anayesubiri mshahara uliochelewa na hataki wanawe wajue. Sura hiyo niliisoma mara mbili. Nimepitia miswada mingi maishani, na ni michache iliyomweka mbele yangu mwanamume mwenye aibu ya umaskini kama alivyowekwa yule. Niliumia kuliko ambavyo kitabu kibovu kingeniumiza, maana kitabu kizuri kilikuwemo mle ndani na hakuna aliyekisaidia kutoka.

Nilimwuliza yule mama nani alikisoma kabla hakijapelekwa kiwandani. Akanijibu, "Tulikuwa tunawahi ukumbi, mama. Tulishalipia."

Tulishalipia! Ukumbi ulikuwa na tarehe, keki ilikuwa na tarehe, mgeni rasmi alikuwa na tarehe, na muswada peke yake ndio uliolazimishwa kuzaliwa kabla ya miezi yake. Fedha ya chakula cha siku ile ingemlipa mhariri. Fedha ya fulana ingemlipa msomaji wa prufu, yaani nakala ya kukagua makosa kabla ya kuchapa, na mtu wa kupanga kurasa. Mnaona haya kumlipa mtu wa kuwaonyesha makosa faraghani, halafu mnalipia umati uje kuyashuhudia.

Kwa hiyo nisikilizeni. Ukimaliza kuandika, ufungie muswada kabatini, usiuguse mwezi mzima au zaidi. Ukiutoa, usome kwa sauti, chumbani, mlango umefungwa; pale ulimi unapojikwaa, pana kasoro. Kisha umpe mtu asiyekupenda sana. Mkeo atakuhurumia, rafiki yako ataruka kurasa, mchungaji wako au shehe wako atakuombea dua. Tafuta mwalimu wa Kiswahili asiyekujua, mlipe, mwambie akuandikie mahali alipochoka. Baada ya hapo nenda kwa mhariri, na akikurudishia karatasi zimejaa wino, usimnunie. Andika upya. Prufu isomwe na watu wawili, na mmoja asiwe wewe. Ikifika zamu ya kuchapa, anza na nakala mia au mia mbili. Mitambo ya siku hizi hapa mjini inakubali oda ndogo. Zikiisha, chapa nyingine. Uzinduzi uje wakati kuna watu waliokwisha kusoma na wana la kuuliza.

La pili ni mshahara. Nani aliwafundisha kwamba mwandishi wa kweli lazima aache kazi? Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, akaingia ukarani wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, na sehemu kubwa ya yale mashairi na masimulizi tunayojivunia aliyaandika akiwa mtumishi wa ofisi. Muhammed Said Abdulla, yule wa riwaya za mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar. Alipobadilisha njia mwaka 1948 alihamia gazetini, yaani kwenye kazi nyingine yenye ujira, na riwaya iliyomtoa ilishinda shindano karibu miaka kumi baadaye, akiwa na umri kama wenu. Abdulrazak Gurnah alikuwa anakaribia arobaini riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1987. Aliendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, na Nobeli ilimkuta mwaka 2021 akiwa na riwaya kumi. Hao wote waliandika huku wakiwa na kazi nyingine.

Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Kama una 48, miaka saba iliyobaki inatosha kuandika vitabu viwili vyema bila kumwachisha mtoto shule. Na hata mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, kwa mchapishaji mwaminifu mara nyingi huwa kama asilimia 10 ya bei ya kitabu. Chukua kalamu upige hesabu: kitabu cha shilingi 15,000 kinakupa 1,500. Nakala ngapi zitalipa kodi ya nyumba ya Tabata kwa mwezi mmoja?

Yaliyobaki nayataja tu. Soma mkataba kabla ya kusaini, hasa kifungu cha tafsiri na cha filamu. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kazi yako iandikishe Ofisi ya Hakimiliki. Sheria ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo waachieni wanenu wosia wa maandishi juu ya haki hiyo. Anayeuza simulizi kwa vipande WhatsApp asidharauliwe, anajifunza kumshika msomaji. Soma wenzako; mwandishi asiyenunua riwaya ya mwenzake asitegemee yake inunuliwe.

Na sisi tunaowazunguka tuna deni. Jiji hili linajua kuchanga. Mtu anatoa laki mbili kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, na huyohuyo anamwambia mwandishi, "Nipe kopi yangu moja, si tunafahamiana?" Riwaya zinazosomwa mashuleni zinatolewa fotokopi na kuuzwa mchana kweupe, na mzazi ananunua bila kujiuliza mwandishi anakula nini. Vitabu vya kiada vilipokabidhiwa Taasisi ya Elimu, wachapishaji wetu wengi walipoteza soko lililokuwa likiwapa mtaji wa kuthubutu kuchapa riwaya ya mtu asiyejulikana. Tangu hapo wengi wamewaambia waandishi walipie wenyewe, na huo ndio mlango mlioingilia ninyi na akiba zenu. Shule inajengwa na mbunge anakata utepe, lakini maktaba yake ni kabati lenye kufuli na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu yule mhasibu hakujiangusha peke yake. Tulikuwa ukumbini, tulikula pilau lake, tukaahidi, tukaondoka.

Wake na waume zenu waambieni ukweli mapema. Kaeni chini na daftari, muandike fedha iliyopo, muda mtakaojipa, na siku mtakayorudi kutafuta ajira bila kulaumiana. Mwenza aliyeshirikishwa atavumilia mengi. Aliyekuta maboksi yameshashushwa sebuleni atavumilia kwa machozi, na nimeshayaona.

Kwa wale ambao bado hamjachapa, mnayo nafasi waliyoipoteza wenzenu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inashindanisha miswada, na ile ya Safal-Cornell nayo imekuwa ikipokea miswada ya Kiswahili. Ulizeni masharti, mtume, msubiri majibu. Mkikosa, mrudie kuandika.

Mwenye kutaka nimsomee, asiniletee kadi ya mwaliko. Alete sura tatu zilizochapwa upande mmoja wa karatasi, mistari imeachana, pembeni pawe na nafasi ya kutosha kwa wino wangu. Jumamosi asubuhi nipo. Yule mhasibu nimeshamtumia salamu aje na ile sura ya baba wa Tabora.

Mama yenu,
Mhariri mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam