Orodha za vyuo bora zinawapoteza wanaotafuta kazi za fedha

Ndugu Mhariri,

Msimu wa udahili ukikaribia, kurasa za elimu hujaa orodha: vyuo kumi bora vya biashara, vyuo hamsini bora, nani kapanda, nani kashuka. Kijana anayetaka kazi za fedha huukata ukurasa ule na kuanza kutuma maombi kutoka namba moja kushuka chini. Sisi tunaofundisha hesabu za fedha na kukaa kwenye meza za usaili tunaomba nafasi tueleze kwa nini utaratibu huo umesimama kichwa chini. Kwanza mtu ajue anataka kukaa meza ipi, ndipo atafute masomo yanayotakiwa pale, kisha mitihani ya taaluma. Jina la chuo lije mwisho.

"Kazi za fedha" ni kazi nyingi zilizopewa jina moja. Mchambuzi wa mikopo hushinda akisoma vitabu vya hesabu vya wateja, na swali lake ni kama fedha taslimu zitatosha kulipa deni, hata kama faida iliyoandikwa inapendeza. Huyo anahitaji uhasibu wa kutosha na sheria ya mikataba na dhamana, hivyo shahada ya uhasibu humfaa kuliko ile ya usimamizi wa biashara. Wa benki ya uwekezaji, anayeshughulika na kampuni kununuana au kuuza hisa kwa umma mara ya kwanza, anahitaji uhasibu uleule, pamoja na kuthamini kampuni na mkono mwepesi kwenye Excel. Msimamizi wa fedha za wawekezaji anataka uchumi, takwimu na hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali au kampuni huwauzia wawekezaji. Anayepanga bei za mikataba ya hiari (inayompa mtu haki, bila lazima, ya kununua au kuuza kwa bei iliyokubaliwa) au kujenga modeli za vihatarishi hana haja ya chuo cha biashara kwa shahada ya kwanza. Asome hisabati, takwimu, fizikia au kompyuta, ahakikishe amepata kalkulasi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano na lugha ya programu kama Python. Tangu kanuni ya Black na Scholes ya kukokotoa bei za mikataba hiyo ichapishwe mwaka 1973, meza ile huzungumza hisabati, na mwenye shahada ya biashara tupu hukaa pale kama mgeni anayehitaji mkalimani. Bima ina njia yake ya sayansi ya akturia, yaani hesabu za vihatarishi vya bima, ndefu na yenye mitihani mingi, na anayeitaka ni heri aamue mapema.

Ukishaijua meza, achana na kipeperushi uombe mtaala kamili, kisha uhesabu masomo. Si ajabu kukuta shahada ya usimamizi wa biashara "yenye mkazo wa fedha" ina masomo arobaini, na ya fedha yenyewe ni matano au sita. Yaliyobaki ni masoko, rasilimali watu, ujasiriamali na mawasiliano. Hakuna ubaya katika hayo, ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Tazama pia mpangilio. Somo la fedha za kampuni linapaswa kutanguliwa na uhasibu na takwimu. Ukiliona limewekwa muhula wa kwanza bila sharti lolote, ujue mwalimu atalazimika kuruka mambo. Beta ya hisa, yaani kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba soko likiyumba, ni mteremko wa mstari wa rigreshoni (mstari wa takwimu unaoonyesha uhusiano wa vitu viwili), na mwanafunzi asiyejua rigreshoni ataikariri kama shairi. Somo la hatifungani nalo lisiishie kwenye kutaja aina zake. Lifike kwenye duresheni, yaani kipimo cha jinsi bei inavyoyumba riba inapobadilika: hatifungani yenye duresheni iliyorekebishwa ya 7 hupoteza takriban asilimia 7 ya bei yake riba ya soko ikipanda kwa pointi moja ya asilimia. Wanaodhani hayo ni mambo ya darasani tu wakumbuke Silicon Valley Bank ya Marekani. Ilianguka Machi 2023 ikiwa imebeba hatifungani za muda mrefu ambazo bei zake zilishuka riba zilipopanda, kisha wenye amana wakazikimbilia fedha zao kwa pamoja.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote hakigharimu kitu: omba karatasi ya mtihani wa mwisho wa mwaka uliopita. Kama maswali yote ni "taja na ufafanue faida tano za…", utahitimu ukijua kutaja na kufafanua. Kama karatasi inakupa mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji), taarifa ya mapato na dondoo za hesabu, halafu inakutaka ukadirie mtiririko wa fedha wa miaka mitano na thamani ya kampuni, umefika mahali pa kazi.

Usaili wenyewe huuliza hivyohivyo. Swali moja maarufu: uchakavu, yaani gharama ya mali kuchakaa, ukiongezeka kwa 10 na kodi ikiwa asilimia 30, nini kinatokea kwenye taarifa tatu za fedha, yaani ya mapato, ya mtiririko wa fedha na mizania? Faida kabla ya kodi hupungua 10, kodi hupungua 3, faida halisi hupungua 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha uchakavu wa 10 kwa kuwa haukutoa hela mfukoni, na taslimu inaongezeka 3. Kwenye mizania, mali za kudumu zimepungua 10 na taslimu imeongezeka 3, kwa hiyo upande wa mali umeshuka 7. Upande wa pili, mtaji wa wamiliki umeshuka 7 vilevile. Dakika mbili, bila kalamu. Wapo wahitimu wa vyuo vyenye majina makubwa wanaokwama pale kwenye kurudisha 10, kwa sababu walifundishwa kila taarifa peke yake, muhula huu moja, muhula ujao nyingine.

Sasa tuje kwenye ithibati, maana matangazo hupenda kuipigia tarumbeta. Mihuri mitatu inayotajwa sana ni AACSB ya Marekani, iliyoanzishwa 1916, AMBA ya Uingereza ya 1967, na EQUIS ya Ulaya ya 1997. AACSB na EQUIS hukagua chuo cha biashara kizima: walimu, utafiti, jinsi ujifunzaji unavyopimwa. AMBA hutazama programu za uzamili, hasa MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara. Kwa hiyo chuo kinachokuonyesha muhuri wa AMBA huku kikikuuzia shahada ya kwanza ya fedha kinakuonyesha cheti cha mtoto mwingine. Muhuri ni kizingiti cha chini. Haukuambii kama somo la hatifungani linafundishwa au limeandikwa tu kwenye kitabu cha mwongozo.

Na orodha zenyewe? Orodha ya MBA ya gazeti la Financial Times la Uingereza, inayonukuliwa kuliko nyingine, huwauliza wahitimu mishahara yao miaka mitatu baada ya kumaliza. Ongeza miaka miwili ya masomo, na unaposoma orodha ya leo unasoma uamuzi wa watu walioingia darasani takriban miaka mitano iliyopita. Mishahara ile hurekebishwa kwa uwezo wa kununua wa kila nchi, jambo la haki kwa kulinganisha maisha, lakini deni la ada halirekebishwi hivyo: linalipwa kwa sarafu lilipokopwa. Mshahara pia huchanganya kazi zote. Chuo kinachopeleka wengi kwenye ushauri wa biashara kinaweza kupaa juu bila hata kuwa na mlango wa kuingilia benki.

Ripoti ya ajira ya chuo ndiyo ya kusoma kwa kalamu mkononi. Chukua mfano wa kufikirika. Wahitimu ni 200. Waliosemwa "hawatafuti kazi" ni 40 na wasiojibu dodoso ni 60, wote wakaondolewa kwenye hesabu. Wamebaki 100, na 90 kati yao wana kazi. Tangazo litasema asilimia 90. Unachokijua kwa hakika ni 90 kati ya 200, yaani asilimia 45, na ukiuliza wangapi wako kwenye kazi za fedha unaweza kuambiwa 25. Mishahara nayo ina mtego wake: watu watano wakilipwa 20, 20, 25, 25 na 160, wastani ni 50, ilhali aliyesimama katikati ya foleni anapata 25. Dai huyo wa katikati. Chuo kikikupa wastani peke yake, uliza tena kwa maandishi.

Swali la MBA au uzamili wa fedha limekuwa kama ugomvi wa timu mbili, na jibu lake hutegemea umri wa uzoefu. Uzamili wa fedha kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu na umetengenezwa kwa wanaotoka shahada ya kwanza. MBA imetengenezwa kwa waliokwisha kufanya kazi, na AMBA inataka wanafunzi wake wawe na uzoefu wa miaka mitatu angalau. Kwenye benki kubwa za uwekezaji, mwenye shahada ya kwanza au uzamili wa fedha huingia ngazi ya mchambuzi, na wa MBA huingia ngazi inayofuata. Anayekimbilia MBA moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hujikuta katikati: ngazi ya juu hana uzoefu wake, ngazi ya chini wanamwona ghali. MBA ya miaka miwili ina faida moja kubwa isiyoandikwa kwenye mtaala, nayo ni likizo ya kati, ambayo hutumika kwa mafunzo kazini ya wiki kama kumi, na ofa nyingi za kudumu hutoka hapo. Programu fupi nyingi hukosa nafasi hiyo. Katika chuo cha biashara cha INSEAD cha Ufaransa, ambacho MBA yake ni miezi 10, wanaoanza Januari wana likizo ya kufanyia mafunzo, wanaoanza nusu ya pili ya mwaka hawana. Mtu anayebadili fani asipoligundua hilo kabla ya kujaza fomu amejifungia mlango kwa mkono wake.

Kwa wanaolenga Marekani, jina la programu halitoshi, uliza chuo msimbo wake wa CIP, yaani namba ambayo Marekani huitumia kuainisha programu za masomo. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, huruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12 baada ya kuhitimu, na programu ikihesabiwa kuwa ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) anaweza kuongezewa miezi 24. Msimbo 27.0305 wa hisabati ya fedha umo kwenye orodha ya STEM, ilhali 52.0801 wa fedha kwa ujumla haumo. Madarasa yanaweza kufanana kwa asilimia kubwa, lakini tofauti ya miaka miwili ya kibali haifanani na chochote.

Mitihani ya taaluma ipangwe pamoja na shahada, isiachwe kuwa kiraka cha baadaye. CFA, ya wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu. Ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua kwa saa nne na nusu, na mwanafunzi anaweza kuikalia akiwa amebakiza miezi 23 au pungufu kuhitimu. Waandaaji wake hushauri saa 300 za kusoma kwa kila ngazi, na cheti kamili hudai saa 4,000 za kazi zinazohusika katika muda usiopungua miezi 36. Wengi huangushwa na ratiba: saa 300 ni saa 12 kwa wiki kwa wiki 25, na mtu huanza zikiwa zimebaki kumi. FRM, kwa watu wa vihatarishi, ina sehemu mbili, maswali 100 kisha 80. ACCA, mitihani ya chama cha wahasibu cha Uingereza, huwafaa wa uhasibu na mikopo. Katika mtaala wake wa mitihani 13, shahada iliyotambuliwa inaweza kusamehewa hadi 9, lakini msamaha hulipiwa ada na ngazi ya juu haisamehewi. Kabla ya kulipa ada ya chuo, tafuta shahada yenyewe, kwa jina na mwaka wake, kwenye orodha ya misamaha ya ACCA. Programu mbili za chuo kimoja zinaweza kupishana mitihani minne.

Halafu deni. Anayetaka kazi ya fedha aanze kwa kukokotoa yake. Mkopo wa 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 10, unataka 16.27 kila mwaka. Riba ikiachwa ijilimbikize miaka miwili ya masomo, mkopo unakuwa 121 na malipo 19.69 kwa mwaka, jumla karibu 197. Nyongeza ya mshahara baada ya kodi, ukilinganisha na ambao ungeupata bila shahada hiyo, lazima izidi 19.69, na bado hujahesabu mshahara ulioukosa ukiwa darasani. Chuo cha daraja la pili kinachokupa ufadhili wa nusu ya ada mara nyingi hushinda hesabu hii bila jasho.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha orodha nyingine, wekeni safu nne pembeni ya kila chuo: idadi ya wahitimu, idadi ya waliojibu dodoso, walioingia kazi za fedha, na mshahara wa aliye katikati. Chuo kisichotoa takwimu hizo, safu yake iachwe wazi.

Wasomaji wenu,
Walimu wa masomo ya fedha