Dawa ya sikio ipasheni moto mkononi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na manesi wetu wa Pemba na Unguja, si kwa ubaya. Mwanangu wa miaka 2 sikio lilikuwa linamtoka usaha, tukaandikiwa dawa ya matone, kituo cha mwanzo nilichokwenda chupa ikatolewa kwenye friji hapo hapo mtoto akatiwa, haya nendeni. Mtoto alipiga ukelele, macho yakawa yanamchezacheza, akanitapikia kanga yote. Nyumbani bibi yake akasema kapigwa na upepo. Kumbe ni ule ubaridi tu, dawa baridi ikiingia ndani ya sikio mtu hushikwa na kizunguzungu, na mtoto hawezi kukwambia.

Kesho yake nikampeleka kwengine. Yule nesi Mungu ambariki, alikosha mikono, akasoma chupa mara mbili maana za macho na za masikio zinafanana, akauliza dakta kashaangalia kama kiwambo cha sikio kimetoboka kwa sababu kuna dawa kama jentamaisini zikipita kwenye tundu zinaweza kuharibu kusikia. Halafu akaifumbata ile chupa kwenye kiganja dakika kadhaa ubaridi uondoke huku anamuuliza mtoto habari za kuku wao. Akamlaza mapajani kwangu sikio bovu juu, akapangusa usaha kwa nje tu, akalivuta sikio chini na nyuma, akasema mdogo wa chini ya miaka 3 ndo hivo lakini mtu mzima huvutwa juu na nyuma. Matone akayapitisha ubavuni mwa tundu la sikio, ncha ya chupa haikugusa sikio kabisa, akabonyeza kile kinundu cha mbele ili dawa ishuke, tukakaa vile vile kama dakika 5 hivi.

Najua foleni ni ndefu na nesi mmoja ana watu hamsini nje, lakini jamani dawa hii nyumbani anatia mama, akitoka hapo hajui basi ataingiza pamba mpaka ndani au atarudi kwenye mafuta ya nazi ya moto. Kwa hiyo muoneni akitia kabla hajaondoka. Mimi nilipewa chupa nikaambiwa haya tia wewe nikuone, mkono ulinitetemeka, ila siku zote zilizobaki nimemtia mwenyewe asubuhi na usiku na hakutapika tena.

Mama mzazi,
Wete, Pemba