Kwenu wanangu mnaomaliza chuo: kabla hamjalipia cheti kingine

Wanangu,

Nawaona mnavyohangaika. Shahada mnayo, kazi hampati, na kila mtu anawashauri muongeze cheti. Nimekaa miaka mingi upande wa wanaosaili, kwa hiyo naomba mnisikilize kabla hamjatoa ada.

Vyeti havilingani. Ziko kazi ambazo bila leseni au usajili wa bodi huruhusiwi kuzifanya: uuguzi, udaktari, uwakili, ukaguzi wa hesabu. Huko hakuna mjadala, somea. Vingine havidaiwi na sheria, na thamani yake inategemea mwajiri anaviamini kiasi gani. Mchumi Michael Spence alieleza mwaka 1973 kwamba mwajiri hauoni uwezo wako moja kwa moja, hivyo hutafuta dalili. Na dalili huwa na maana pale tu ambapo asiye na uwezo ingemwia vigumu kuipata. Sasa cheti cha semina ya siku mbili, walichopewa wote waliohudhuria, kinamwambia mwajiri nini?

Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja na faili nene, vyeti vimepangwa kwa tarehe. Tukampa daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, tukamwomba atueleze kwa nini salio hazilingani. Ilikuwa hundi moja tu, imeandikwa daftarini lakini haijafika benki. Hakuiona. Iliniuma sana, maana kuna mzazi aliyejinyima kulipia vyeti vile. Aliyeajiriwa alikuwa na shahada na cheti kimoja cha uhasibu, na hundi ile aliigundua mara moja.

Kwenye mshahara ndiko mnakodanganywa zaidi, mkiambiwa kila cheti kitauongeza. Cheti kizuri kinaweza kukufikisha kwenye usaili. Nyongeza mara nyingi huja ukishaonekana unaiweza kazi. Tena vingine huisha muda: CCNA ya mitandao ya kompyuta hudumu miaka 3. Na PMP ya usimamizi wa miradi hudai uwe umeshaongoza miradi, kwa hiyo anayewahimiza muikimbilie wiki ya mahafali anataka ada yenu.

Kusanyeni matangazo ya kazi mnazozitaka, msome sehemu ya sifa. Cheti kinachojirudia humo, kinachoshikana na shahada yako na chenye mtihani wa kweli, ndicho cha kulipia. Muda uliobaki tafuteni mafunzo kazini, hata ya miezi michache. Atakayeshindwa kuchagua aniletee matangazo yake, tukae tuyasome pamoja.