Nafasi ya disiki haikuliwa na Linux

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka njia ya Kasapa, Lubumbashi. Ninaandika kwa sababu ya maneno ambayo yamezoeleka hapa kwetu, kwa mafundi na kwa wateja wao pia: eti ukiweka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows kisha ukaitoa, nafasi iliyokuwa nayo imekufa, na dawa yake ni kununua disiki nyingine. Si kweli. Na watu wanatoa dola kwa sababu ya maneno hayo.

Mimi ni mama wa sekretaria. Tunachapa TFC na memwari, yaani kazi za kumaliza masomo za wanafunzi, tunapiga fotokopi, tunaskani vitambulisho na hati za lupango (kiwanja). Kwenye kompyuta yetu kubwa ya kazi, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akisomea informatika, aliweka Ubuntu, aina moja ya Linux, kando ya Windows na kuigawia karibu nusu ya disiki ya GB 500. Sikumkataza, alikuwa anaihitaji kwa masomo. Alipomaliza akaenda kutafuta maisha Kolwezi. Linux ikabaki bila mwenyewe, na C yangu, kipande cha disiki kinachokaliwa na Windows, ikaendelea kujaa skani za wateja mpaka mstari wake ukawa mwekundu.

Nikamwita fundi aitoe Linux. Alikuja, akalipwa, akaenda. Kweli masini iliacha kuuliza kila asubuhi kama tunataka Windows au Ubuntu. Lakini C haikuongezeka hata kidogo. Nilipomrudia akaniambia: "Mama, ile Linux ilisha kula nafasi, haitarudia tena. Unapashwa kununua disiki ingine." Bei aliyonitajia sitaiandika hapa, mume wangu anasoma gazeti hili.

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi aliyekuja kufungisha TFC yake. Alibonyeza kitufe cha kulia cha puku (kipanya) juu ya alama ya Windows, pale chini pembeni, akachagua "Gestion des disques". Ndilo dirisha ambalo ningependa kila mwenye kompyuta alijue. Disiki nzima inachorwa pale kama mstari uliokatwa vipande. Tukaona C, na upande wake wa kulia kipande kikubwa kisicho na jina wala herufi, pamoja na kingine kidogo, kile Linux inachokiita swap, nafasi ya kuisaidia kumbukumbu ya kompyuta. Fundi alikuwa ameondoa menyu ya kuchagua tu. Linux yenyewe ilikuwa palepale, na mafaili yake yote. Windows haisomi mpangilio wa Linux wa kuhifadhi mafaili, huo wa ext4, kwa hiyo haiupi herufi, na ukifungua "Ce PC" huoni kitu. Ni kama lupango lenye nyumba ambayo mlango wake umezibwa kwa matofali: huwezi kuingia, lakini mita zake hazijapungua.

Kabla ya kufuta chochote nilimpigia simu kijana wa Kolwezi. "Mama mudogo, usifute kwanza, memwari yangu iko ndani!" Mwanafunzi wetu akawasha masini kwa flashi yenye Linux, akakopi folda yake yote kwenye disiki ya nje. Hapo tu ndipo tulipothubutu, maana ukichagua "Supprimer le volume" Windows haiulizi mara tatu.

Tukafuta kile kikubwa, tukafuta na swap. Sasa angalieni hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwa fundi. Tulipobonyeza C ili tuiongeze, "Étendre le volume" ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Kumbe kwenye masini za zamani kama yangu, zenye jedwali la MBR, namna ya zamani ya kuorodhesha vipande vya disiki, disiki inakubali vipande vikuu vinne tu. Ndiyo maana Ubuntu ilikuwa imejitengenezea kipande kimoja cha ganda, vyake vikae ndani. Sisi tulifuta vya ndani, ganda likabaki. Linaonekana kwa rangi ya kijani, limeandikwa "Espace libre", na mtu anafikiri kazi imekwisha. Haijaisha. Ganda nalo lifutwe, mpaka rangi iwe nyeusi na maandishi yawe "Non alloué". Tulipofanya hivyo "Étendre le volume" ikaamka, na C ikapokea nafasi yote bila hata kuzima masini. Wateja wawili walikuwa kwenye foleni wakinung'unika.

Kompyuta ya pili, iliyokuja okazioni (imekwisha kutumiwa) kutoka Ulaya ikiwa tayari na Linux ndani, haikuwa rahisi hivyo. Kati ya C na nafasi nyeusi kulikuwa na kipande cha Windows cha kujitengenezea ikiharibika, kile cha "récupération". Windows inaongeza C kwa nafasi inayoigusa upande wa kulia tu, haiwezi kuruka kitu kilichokaa katikati. Kuna programu ya bure, GParted, inayowashwa kwa flashi na inayoweza kukisogeza kipande hicho. Ila kusogeza kunachukua muda, na kuran (umeme) ikikatika katikati ya kazi unaweza kupoteza vyote. Kwa kuran yetu ya hapa, mimi nilikataa. Nikachagua "Nouveau volume simple", ile nafasi ikapata herufi D, na skani zote zikahamia huko. Mwenye laptopu yenye betri nzuri aamue mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo ni afadhali litangulie yote. Kwenye masini za zamani, Linux inaweka kianzishi chake, GRUB, mwanzoni kabisa mwa disiki, na sehemu iliyobaki ya kianzishi hicho inakaa ndani ya kipande cha Linux. Ukifuta kipande kabla ya kurudisha kianzishi cha Windows, kesho yake unawasha na kukuta kioo cheusi na maneno "grub rescue". Hapo itabidi utafute flashi ya kuwekea Windows na utumie amri ya bootrec /fixmbr. Fundi wangu hili alilifanya vizuri, nampa haki yake. Kwenye masini mpya za UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, inatosha kuitanguliza Windows kwenye mpangilio wa kuwasha, na kile kipande kidogo cha EFI, kinachobeba vianzishi, kisiguswe kabisa, hata kama kina folda ya ubuntu ndani. Folda hiyo haili nafasi ya maana, lakini ukifuta kipande chenyewe, Windows haiwaki. Na kama disiki imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 mkononi kabla ya kugusa mpangilio wa kuwasha.

Wateja wengine wananiletea lalamiko la namna nyingine: disiki imeandikwa GB 500, Windows inaonyesha 465. Hapo hakuna aliyeiba. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Sina ugomvi na Linux, Bwana Mhariri. Ndiyo iliyookoa memwari ya mtoto wetu. Na tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, vijana wengi zaidi watajaribu Linux kwenye masini ambazo Windows 11 inazikataa. Baadhi watairudisha Windows, ni haki yao, na watakutana na fundi yuleyule.

Kwa mafundi ninaomba kitu kimoja: kabla ya kumtajia mama bei ya disiki mpya, mfungulieni "Gestion des disques" aone kwa macho yake. Ikiwa disiki imekufa kweli, atalipa. Na kwenu ninaomba ukurasa wa teknolojia uchapishe picha ya dirisha hilo, tena kwa Kifaransa kama linavyoonekana kwenye masini zetu. Maelezo ya kompyuta mliyowahi kuchapisha yalitaja menyu za Kiingereza, na binti anayenisaidia kuchapa alizitafuta asubuhi nzima.

Mama wa sekretaria,
Njia ya Kasapa, Lubumbashi