Mbao za Ndani ya Mashua Yako

Tanga, 9 Machi

Kwako ndugu yangu Salimu,

Salamu nyingi. Barua yako na picha za mashua nimezipata. Umeniuliza kama mninga uliouona huko Kilifi unaweza kukaa pamoja na mikanda ya mbao ya zamani inayozunguka vitanda na rafu, kwa kuwa rangi zinakaribiana. Kwa maoni yangu haufai. Ni mbao nzuri, haipindi ovyo, nami naipenda sana kwa makabati. Lakini ina michirizi ya kahawia iliyokolea, ambayo itajitokeza zaidi mara tu utakapoipaka vanishi.

Kwanza tujue fundi wa awali alitumia mti gani. Mashua nyingi za faibaglasi zilizoundwa Uingereza miaka ya 1970 zilipambwa ndani kwa msaji au kwa mbao za jamii ya mkangazi, na chini ya vanishi iliyozeeka picha haiwezi kuzitofautisha. Bandua mkanda mmoja mahali palipojificha, kisha ukwangue upande wa nyuma ambao haujawahi kupakwa kitu. Msaji una mafuta, na ukiupapasa utahisi utelezi kama wa nta. Mkangazi ni mkavu, una wekundu hafifu, na kwa kuwa nyuzi zake hupishana, ukiugeuzageuza kwenye mwanga utaona mistari inayong'aa na kufifia kwa zamu.

Ukishaujua mti, usiilinganishe mbao mpya na ya zamani zikiwa kavu pale dukani, maana mwanga hubadilisha kila mbao kwa namna yake. Mkangazi hukoza, mvule huanza na umanjano ukaishia kahawia, msaji uliotoka kurandwa huwa na mabaka, ambayo baadaye hutulia na kuwa rangi moja ya dhahabu. Chukua kipande, kipige msasa, ukipake vanishi ileile utakayotumia, ufunike nusu yake kwa karatasi nene na kukiacha juani wiki chache, ndipo uone kinakoelekea. Kama una haraka, futa mbao kwa kitambaa chenye spiriti: rangi itakayoonekana kabla haijakauka ndiyo iliyo karibu na ile ya chini ya vanishi.

Tazama pia gogo lilivyopasuliwa. Mbao mbili za mti uleule, moja ikiwa na mistari iliyonyooka na nyingine yenye mawimbi, zitagombana machoni hata kama rangi ni moja, na macho huliona hilo kabla ya tofauti ndogo ya wekundu. Rangi za kupaka ili kulazimisha mfanano sizipendi, kwa sababu ukingo wa rafu hugongwa kila siku na weupe hujitokeza panapochubuka.

Iwapo ni msaji, huku kwetu unapatikana kutoka shamba la Longuza, Muheza; nitakuchagulia mbao za kiini tu, bila ile sehemu nyeupe ya nje, nawe usisahau kuzifuta mafuta kwa asetoni kabla ya gundi. Iwapo ni mkangazi, utafute hukohuko Kenya, kwani tangu nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipouingiza kwenye orodha yake mwaka 2022, kuuvusha mpakani kunadai vibali, na kwa mikanda michache usumbufu huo haufai.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuziweka mbao mpya. Badala ya kutia kiraka kipya katikati ya mkanda wa zamani, badilisha ukingo wote wa rafu ya kushoto, na vipande vizima utakavyovitoa vitumie kuziba mapengo ya vitandani. Tofauti ndogo kati ya upande na upande hakuna atakayeiona, hasa katika chumba chenye madirisha madogo kama hicho.

Niletee kipande ulichokikwangua kwa basi, pamoja na vipimo vya ukingo huo, unene ukiwemo. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Athumani