Kabla hujanunua filta za mraba, tazama uso wa lenzi yako

Wateja wengi huingia dukani na swali la kampuni: ipi inatengeneza filta nzuri, yaani vile vioo vya kuweka mbele ya lenzi? Sisi huanza na lingine: lenzi yako pana, ile inayochukua eneo kubwa, ni ipi? Hilo ndilo linaloamua saizi, na saizi ndiyo inayoamua bei.

Tafuta kwenye lenzi alama ya Ø yenye namba. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha uzi wa filta, yaani mikunjo ya skrubu kwenye mdomo wa lenzi. Canon EF 16-35mm f/4 ni 77, ya f/2.8 toleo la tatu ni 82, na Nikon Z 14-30mm f/4 ni 82 vilevile. Kwa lenzi za aina hii mfumo wa filta zenye upana wa milimita 100 unatosha: pete inafungwa kwenye uzi, holda inanasa kwenye pete, filta zinashuka kwenye mifereji ya holda. Ukiwa na lenzi mbili, chagua holda kwa kufuata ile pana zaidi, kisha ongeza pete ya lenzi nyingine. Pete ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote humo.

Mambo hubadilika kwa lenzi yenye kioo cha mbele kilichovimba kama jicho la chura. Nikon 14-24mm f/2.8 ya mwaka 2007 iko hivyo, na Sigma 14-24mm Art pia. Hazina uzi mbele, kwa hiyo utahitaji holda iliyotengenezwa kwa ajili ya lenzi hiyo, na filta za milimita 150. Ni kubwa, nzito na ghali. Kama bado hujanunua lenzi, lifikirie hili mapema. Nikon yenyewe ilipotoa 14-24mm ya kamera zake za Z mwaka 2020 iliiwekea kikingajua cha HB-97 kinachopokea filta ya duara ya milimita 112.

Tatizo linalorudisha wateja dukani ni pembe nyeusi kwenye picha. Lenzi ya milimita 16 kwenye sensa ya fremu kamili (yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35) huona takriban nyuzi 107 kutoka pembe hadi pembe, hivyo holda yenye mifereji mitatu huweza kuingia pichani. Jaribu hivi: zungusha zumu hadi lenzi ione eneo pana kabisa, weka tundu la lenzi f/16, piga ukuta mweupe, kisha zungusha holda kidogo na upige tena. Kuna holda inayofaulu ikiwa wima na kufeli ikiinama. Mara nyingi kuondoa mfereji mmoja kunatosha. Zile seti za bei nafuu za milimita 84 zinafaa lenzi za kawaida. Kwa lenzi pana hatuzipendekezi.

Filta zipi sasa? Anza na ND, filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ya stopu 10 (kila stopu hukata mwanga nusu), ya kioo. Picha ya sekunde 1/30 itahitaji sekunde 33 hivi, mawimbi yawe kama ukungu. Kamera nyingi huishia sekunde 30, kwa hiyo andaa rimoti ya kuiacha shata wazi kwa muda zaidi. Filta hiyo ikae kwenye mfereji ulio karibu kabisa na lenzi, sponji yake ikigusa holda, la sivyo mwanga utapenya pembeni na kuharibu picha.

Filta ya nusu giza nusu wazi, ya kupunguza mwanga wa anga pekee, ina aina mbili kuu. Yenye mpaka mkali inafaa bahari tupu, kama macheo ya Dar es Salaam. Minazi au milingoti ya majahazi ikikata upeo, chukua yenye mpaka laini. Kusema kweli, ukiwa na tripodi unaweza kupiga picha mbili za mwanga tofauti na kuziunganisha kwenye kompyuta, kwa hiyo hii si ya kukimbilia.

Polaraiza, filta ya kukata mng'ao, ni ya tahadhari. Hutia anga giza zaidi nyuzi 90 kutoka jua lilipo, na lenzi pana hubeba anga kubwa kiasi kwamba utepe wa buluu iliyokolea huonekana katikati. Jua likiwa utosini, kama linavyokuwa kwetu adhuhuri, utepe huo hushuka ukazunguka upeo, na anga ya chini hutoka sawa zaidi. Juu ya maji ya kina kifupi, filta hii hukata mng'ao hadi mchanga wa chini uonekane.

Ukija dukani, njoo na lenzi na kamera yenyewe, si picha yake kwenye simu. Jaribio la ukuta tunalifanya hapohapo kabla hujalipa. Na ukitoka ufukweni, osha filta za kioo kwa maji yasiyo na chumvi kwanza. Kufuta chumvi kwa kitambaa kikavu huacha mikwaruzo.